Giligilani Kwenye Joto la Pwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nalima giligilani Kigamboni, kwenye matuta sita ya udongo wa kichanga, si mbali na bahari. Wateja wangu ni wauza chipsi na mishkaki wa mtaani, mama ntilie wawili, na majirani wanaopiga hodi Ijumaa asubuhi wakiwa wameshabandika sufuria. Mengi ya maswali haya huulizwa hapo getini. Mengine huletwa na watu waliojaribu wenyewe, wakaona mmea umechanua kabla hawajala hata kachumbari moja. Majibu ni ya mtu wa pwani. Aliyeko Lushoto, Njombe au Limuru ana hali ya hewa nyingine, na mengi ya humu hayamhusu.

Giligilani, kotmiri na dania ni kitu kimoja?

Ndiyo. Sokoni Dar es Salaam utasikia giligilani, Unguja kotmiri, Kenya dania. Wapo wanaotenganisha: kotmiri ni majani mabichi, giligilani ni zile mbegu kavu zinazosagwa kwenye bizari ya mchuzi. Mmea ni uleule, Coriandrum sativum, ndugu wa karoti, shamari na bizari nyembamba. Ukiung'oa utauona undugu huo: mzizi mmoja umeshuka wima, mweupe, kama karoti iliyokonda. Ukumbuke mzizi huo, maana ndio chanzo cha nusu ya matatizo.

Kwa nini yangu inachanua kabla sijaila?

Hili ndilo swali namba moja. Giligilani ni mmea wa msimu mmoja: huota, hutoa majani, huchanua, huzaa, hufa. Hakuna dawa ya kuizuia isichanue. Unachoweza kuchezea ni kasi tu.

Kwenye nchi zilizo mbali na ikweta, mchana ukirefuka hadi saa 14 au 15, mmea huuchukua urefu huo kama taarifa kwamba wakati wa kuzaa umefika. Sisi Dar es Salaam tuko karibu digrii 7 kusini ya ikweta; mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hapa havipishani hata saa nzima. Kwa hiyo kwetu si mchana unaoikimbiza, ni joto, na zaidi joto la udongo. Ongeza na mateso mengine: kiu ya siku moja tu, kubanana, mzizi kukatika, chumvi kwenye maji. Mmea ukihisi maisha ni mafupi, unakimbilia mbegu.

Dalili huanzia katikati. Majani ya kawaida ni mapana, yamegawanyika kama kiganja cha mtoto. Asubuhi moja unainama kung'oa majani mengine unaona jani jipya la katikati limetoka jembamba, limechanikachanika kama la shamari. Ukiligusa shina chini yake utalikuta limeanza kuwa gumu na linajinyanyua. Kuanzia hapo una siku chache, chini ya wiki wakati wa jua kali. Kukata ncha hakusaidii. Inachipua nyingine pembeni, nayo ni ya maua vilevile.

Misimu miwili nilihangaika kutaka mmea mmoja unilishe miezi mitatu, kwa kuwa nilisoma maelekezo ya watu wa nchi za baridi wanaokata na kukata tena. Nikaacha. Siku hizi naihesabu kama mchicha: siku 35 hadi 45 tangu kuotesha, naing'oa yote, naotesha upya. Kila baada ya wiki mbili kuna kipande kidogo cha tuta kinachoanza. Tangu nifanye hivyo sijawahi kukosa giligilani mwezi mzima, isipokuwa Februari, ambayo nimeiachia jua.

Mwezi gani mzuri wa kupanda?

Kwa pwani ya Tanzania na Kenya, msimu wa kusi. Kuanzia Juni hadi Septemba usiku unapoa, mchana joto halizidi sana digrii 29 au 30, na upepo unakausha majani yasishikwe na ukungu. Mbegu iliyoingia ardhini mwanzoni mwa Juni ndiyo inayotoa mmea mnene kuliko yote mwaka mzima.

Masika ina kasoro nyingine. Joto linapungua, lakini mvua ya Aprili inapiga matuta mpaka mbegu zinaelea na miche inalala matopeni. Kama huna cha kufunikia, subiri mwishoni mwa Mei. Vuli inawezekana ukiwa na kivuli. Kaskazi ikishaanza kuvuma, Desemba hadi Machi, mchana unagonga digrii 32 na usiku haupoi, na mbegu nyingi zinagoma hata kuota. Mwenye ndoo mbili chini ya mwembe anaweza kujaribu. Mwenye kutegemea kuuza, apande bamia.

Naweza kupanda mbegu za duka la viungo?

Unaweza, na ndizo nilizoanza nazo. Zinauzwa kwa bei ndogo na kipimo kikubwa. Zina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, huenda zimekaa ghalani miaka, au zimekaangwa kidogo ili zinukie, na mbegu iliyokaangwa ni maiti. Pili, mbegu zile kubwakubwa huwa za aina iliyochaguliwa kwa ajili ya viungo, siyo majani: huchanua upesi, maana ndiyo kazi yake. Aina zinazolimwa kwa majani, kama Santo, Leisure au Calypso, zimechaguliwa kwa kuchelewa kuchanua. Kwenye joto letu "kuchelewa" maana yake ni wiki moja au mbili, lakini wiki mbili kwenye zao la siku 40 si haba.

Vyovyote vile, zipime kabla ya kuzimwaga tutani. Chukua mbegu 20, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali pa baridi ndani ya nyumba, angalia siku ya kumi. Zikiota chini ya kumi, ongeza wingi wa mbegu au rudi dukani. Najua ninachosema: mwaka mmoja nilinunua kopo zima duka la pembejeo, mbegu zimepakwa dawa ya rangi ya waridi, zinang'aa, na mwenye duka akaniapia. Matuta mawili yalitoa miche ya kuhesabu kwa vidole. Sikuwa nimepima. Na hizo zilizopakwa dawa, zikibaki, usithubutu kuzisaga jikoni.

Mbona mbegu zangu hazioti?

Ukiacha uzee wa mbegu, sababu kubwa ni udongo wa moto. Giligilani hupenda kuota kwenye udongo wa digrii 15 hadi 20 hivi. Udongo wa kichanga ulioachwa wazi juani saa nane mchana unaweza kupita 40. Hapo mbegu inakaa tu.

Nafanya hivi. Kile tunachokiita mbegu, kile kitufe cha duara chenye mistari, kwa kweli ni tunda, na ndani mna mbegu mbili zimeshikana kwa tumbo. Nazimwaga kwenye sinia, napitisha chupa ya soda juu yake taratibu, kama mtu anayesukuma chapati lakini bila nguvu. Unasikia zinalia "tak, tak". Zikigawanyika katikati inatosha. Ukiona unga, umezidisha. Kisha naziloweka usiku kucha kwenye maji ya mtungi, asubuhi nachuja na kuzitandaza kwenye gazeti kivulini hadi zisinate mikononi.

Naotesha jioni, si asubuhi, ili mbegu ipate usiku wa kwanza bila jua. Mfereji wa kina cha sentimita moja hadi moja na nusu, mstari hadi mstari sentimita 20. Nafukia, namwagilia, natandaza nyasi kavu au gunia la katani juu. Maji kidogo asubuhi na jioni juu ya gunia. Kuanzia siku ya saba nafunua kuchungulia, na nikiona shingo nyeupe zimeinama kutoka ardhini, gunia linaondoka jioni ileile. Ukilichelewesha, miche inarefuka kutafuta mwanga na haisimami tena.

Nianzie kitaluni halafu nihamishe?

Usihamishe. Ule mzizi wima ukikatika, mmea unakasirika na kuchanua. Otesha palepale utakapovunia.

Udongo wetu ni mchanga mtupu. Inawezekana?

Inawezekana, lakini mchanga haushiki maji wala chakula, kwa hiyo wewe ndiye utakayekuwa ghala. Kwenye tuta la mita moja kwa tatu naweka ndoo tatu hadi nne za samadi ya ng'ombe iliyooza, nachanganya hadi kina cha jembe. Samadi ya kuku ina nguvu zaidi, ila ikiwa mbichi inaunguza; iache ioze miezi miwili au zaidi, na uiweke nusu ya kipimo hicho. Samadi iliyooza haina joto ukiingiza mkono, na hainuki banda.

Pia usinyanyue matuta kama ya bara. Kwenye mchanga na jua letu, tuta lililonyanyuka linakauka mapema. Mimi nayafanya sawa na ardhi, na wakati wa kusi nayazamisha kidogo kama sinia, maji yakae. Masika ikija nageuza, nanyanyua.

Nimwagilie mara ngapi?

Miche, mara mbili kwa siku kidogokidogo. Ikishakuwa na kimo cha kidole, mara moja asubuhi lakini maji yaingie chini. Siku za upepo mkali wa kusi ongeza jioni, kwa sababu upepo unakausha kuliko watu wanavyodhani. Na kama mpira wa maji ulilala juani, mwaga kwanza yale yaliyomo. Ni maji ya kuchemshia chai.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Je?

Hapa Kigamboni na sehemu nyingine za ufukweni hili ni tatizo la kweli, na ndilo linalowashinda wengi wanaodhani tatizo ni mbegu. Ukionja maji ukasita kumeza, giligilani nayo itasita. Kingo za majani zinaungua kahawia, mmea unadumaa, juu ya udongo unatokea ukoko mweupe. Miche ni dhaifu zaidi kuliko mmea mkubwa. Kwa hiyo maji ya mvua niliyokinga kwenye simtanki nayaweka kwa ajili ya siku 15 za mwanzo, kisha nachanganya na ya kisima nusu kwa nusu. Mwagilia udongoni, usinyunyizie majani. Na maji yakiwa na chumvi, kumwagilia kidogokidogo mfululizo kunazidi kulimbikiza. Bora mara moja moja umwagilie mengi yapenye na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Ukoko ukionekana, usipande tena hapo mpaka mvua ioshe.

Maji ya mfereji au mto unaopokea vyoo na viwanda sitaki hata kuyajadili. Hili jani huliwa bichi.

Inahitaji kivuli?

Kwenye kusi, jua la asubuhi hadi saa sita na kivuli cha mchana linatosha. Miezi mingine ningesema ndiyo, bila kivuli usianze. Neti nyeusi ya kitalu inayopunguza jua kwa theluthi au nusu ni nzuri lakini ni ghali. Makuti yaliyopangwa kwa nafasi juu ya kichanja cha mita moja na nusu yanafanya kazi ileile. Ninachokipenda zaidi ni mipapai: nimeipanda upande wa magharibi wa matuta, inakata lile jua la alasiri linalouma, na papai nakula. Migomba pia, ila inakunywa maji yote. Chini ya mwembe mkubwa kuna kivuli kupita kiasi. Giligilani itaota ndefu, nyembamba, rangi iliyopauka, na harufu hafifu.

Miche inaanguka kama imekatwa na wembe. Ni mdudu?

Ukikuta shina limenywea na kuwa kama uzi pale linapotoka ardhini, ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya ukungu vilivyomo udongoni. Hushamiri penye unyevu mwingi, joto na msongamano. Ung'oe iliyoanguka pamoja na ya jirani, punguza miche ibaki ikiachana kwa vidole vitatu, acha kumwagilia jioni. Usitumie samadi isiyooza. Ikiwa shina limekatwa kweli na sehemu ya juu imelala pembeni mbichi, hapo fukua kidogo asubuhi na mapema, utamkuta sota, yule kiwavi anayekata miche, amejikunja kama herufi C.

Na wadudu wengine?

Vidukari, hasa mmea ukishaanza kuchanua. Maji yenye sabuni ya kipande kidogo, kunyunyizia chini ya majani jioni, kisha kusuuza kabla ya kuvuna. Masika huleta konokono wale wakubwa. Naokota kwa tochi. Kuku wa jirani ni hatari kuliko hao wote, lakini hiyo ni habari ya ujirani.

Dawa kali za dukani sipigi. Zao linalokaa siku 40 tu halina nafasi ya kusubiri dawa iishe.

Sina shamba. Ndoo au kiroba vinafaa?

Vinafaa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu ndoo unaweza kuihamisha jua likigeuka. Kina kisipungue sentimita 20, ule mzizi upate pa kushuka. Toboa matundu chini, changanya udongo na samadi iliyooza, na epuka ndoo nyeusi, inapika mizizi. Ndoo ya lita 20 inachukua mashina 12 hadi 15 ukiivuna changa. Mtu wa ghorofani mwenye ndoo tatu, akiotesha moja kila baada ya wiki mbili, hanunui tena fungu.

Nikate au ning'oe?

Kwa jikoni kwako, vunja majani ya nje ikifika kimo cha shibiri, uache ya katikati. Utapata mikato miwili, mara chache mitatu. Kwa kuuza, ng'oa nzima na mzizi wake, osha udongo, funga. Yenye mzizi haisinyai haraka, na wauza chipsi wangu wanaitaka hivyo. Vuna alfajiri. Iliyovunwa saa tano imeshakuwa kitambaa ikifika kwa mteja.

Nimechelewa, imeshachanua. Niitupe?

La hasha. Majani ya hatua hiyo yana ukali, lakini maua yenyewe yanaliwa na yanapendeza juu ya kachumbari. Acha mashina machache: nyuki huja, na wale nzi wadogo wenye milia ambao watoto wao hula vidukari huja pia. Mbegu zikiwa bado za kijani, chuma uzijaribu. Ukizing'ata zina harufu ya jani na ya mbegu kavu kwa pamoja, na kitu fulani cha ganda la chungwa. Nazitwanga na kitunguu saumu, pilipili mbuzi na chumvi kwa samaki wa kuchoma. Huwezi kuzinunua popote, kwa kuwa hazikai. Ni starehe ya mwenye mmea.

Naweza kuweka mbegu zangu mwenyewe?

Ndiyo, na pwani ningesema ni lazima. Usichukue mbegu za mashina yaliyochanua kwanza, hata yakiwa yamezaa sana. Funga kitambaa chekundu kwenye yale yaliyochelewa kuliko yote, mengine yang'oe kabla maua hayajafunguka ili yasichanganyike. Mbegu zikishageuka kahawia, kwangu inachukua miezi mitatu na ushee tangu kuotesha, kata vichwa, vining'inize ndani ya mfuko wa karatasi mahali pakavu. Nimefanya hivyo misimu minne. Tofauti ya siku ipo, si kubwa, lakini mbegu hizi hazinisumbui kuota kama za kununua. Zihifadhi kwenye chupa mbali na jiko. Mwaka wa pili bado nzuri, wa tatu pima kwanza.

Mume wangu anasema inanuka sabuni. Ni kweli?

Kwake ni kweli, msimlazimishe. Majani haya yana kemikali za jamii ya aldehaidi, na zinazofanana nazo zimo kwenye sabuni na kwa baadhi ya kunguni. Utafiti wa mwaka 2012 uliihusisha hali hiyo na sehemu ya vinasaba iliyo karibu na jeni ya kunusa iitwayo OR6A2, ingawa mazoea ya jikoni nayo yana nguvu. Kuyatwanga kunavunja makali. Chatine ya kotmiri na nazi, iliyosagwa na ndimu ikakaa robo saa, imewageuza wengi. Wengine haikuwageuza.

Nimepata nyingi. Nihifadhije?

Simamisha kwenye glasi yenye maji kidogo kama maua, funika kwa mfuko wa nailoni, weka kwenye friji: wiki nzima. Bila friji, funga kwa kitambaa kibichi ndani ya chungu. Kuianika juani ni kupoteza muda. Unabaki na rangi, harufu imekwenda. Ya kugandisha isage na ndimu na mafuta kidogo, mimina kwenye trei ya barafu, tupia kipande kwenye mchuzi dakika ya mwisho.

Kuna mmea wenye ladha hiyo unaostahimili kaskazi?

Upo, Eryngium foetidum, asili yake Amerika ya kitropiki, na hutumika sana Karibi na Vietnam. Jani lake ni refu lenye meno pembeni kama msumeno, harufu ni ya giligilani ila kali zaidi, na unapenda joto na kivuli. Nimeukuta kwa nadra sana hapa kwetu. Nina kichaka kimoja, nilipewa na jirani aliyetoka safarini, nacho ndicho kinachonivusha Februari. Nachuma majani mawili tu kwa sufuria, na hayo siuzi.